Intakomu za Helmeti kwa Safari Ndefu: Waya, Bluetooth au Meshi?

Mwendesha pikipiki wa Mombasa anayepanga safari ya Malindi, Lunga Lunga au Voi, akianza kutafuta intakomu ya helmeti, yaani kifaa cha kuzungumzia kinachofungwa kwenye helmeti, jambo la kwanza atakalokutana nalo ni umbali: kifaa hiki kinafika mita 400, kile kilomita 1.2, na cha juu kabisa kilomita 2. Nambari hizo ndizo zinazochapishwa kwa herufi kubwa kwenye kisanduku, na ndizo zinazowapotosha wanunuzi wengi, kwa kuwa zimepimwa mahali pa wazi pasipo jengo, kilima wala lori, na kwa kuwa umbali si swali la kwanza. Swali la kwanza ni nani utakayezungumza naye: abiria aliyekaa nyuma yako, mwenzako mmoja kwenye pikipiki nyingine, kundi zima, au hakuna mtu ila simu yako inayokuelekeza njia. Ukishalijibu hilo, vifaa vingi vinajiondoa vyenyewe kabla hata hujauliza bei.

Mkiwa wawili kwenye pikipiki moja

Nianze na abiria kwa sababu hapo uamuzi ni mwepesi. Mtu aliyekaa nyuma yako hayuko hata mita moja kutoka kwako, kwa hiyo kifaa cha mita 400 na cha kilomita 2 vinamfikia sawasawa, na fedha ya ziada inayolipiwa masafa haina kazi. Ushindani hapa ni kati ya waya na Bluetooth ya bei ya chini. Pikipiki kubwa za safari kama Honda Gold Wing zimekuwa zikitumia waya kwa miaka mingi: hedseti ya kila mmoja huchomekwa kwenye soketi ya pikipiki, hakuna betri ya kuisha njiani, hakuna kuunganisha vifaa kila asubuhi, na sauti haikatiki. Ubaya wake hujitokeza mnaposhuka, kwenye foleni ya feri Likoni au kwenye kituo cha mafuta, kwa kuwa abiria aliyesahau kuchomoa huvutwa kichwa na waya, na baada ya kuvutwa hivyo mara kadhaa ni soketi yenyewe inayoanza kulegea. Kwa mwenye pikipiki ambayo tayari ina mfumo huo, sioni sababu ya kuuacha. Asiye nao asihangaike kuufunga. Jozi ya Bluetooth ya watu wawili, kama Spirit ya kampuni ya Cardo au 5S ya kampuni ya Sena, itamtosha, na siku abiria asipokuwepo kifaa kile kile kitampa maelekezo ya ramani na simu.

Mkiwa wengi: mnyororo au wavu

Ulinganisho wenye uzito ni ule wa Bluetooth na meshi, yaani mfumo wa vifaa vinavyounganika kama wavu, na ili kuuelewa ni lazima kujua sauti inavyosafiri. Kwenye intakomu ya Bluetooth, kila kifaa hushikana na kimoja kilicho mbele yake na kimoja kilicho nyuma yake, na maneno hupokezwa kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine mithili ya ndoo za maji kwenye msururu wa watu wanaozima moto. Watu wakiwa wawili mpango huu hauna shida. Wakiwa wanne, kila aliye katikati anabeba mazungumzo ya wenzake, na akipotea yeye wanapotea na walio nyuma yake.

Chukua kundi la pikipiki tano zinazotoka Mombasa kwenda Voi, mwendo wa takriban kilomita 150. Kabla hazijafika Mariakani zimeshapanda Mazeras, ambako malori yaliyopakia kontena hupanda kwa mwendo wa kutambaa, na mbele kidogo kuna mizani ambayo huyafanya yajipange. Wa kwanza na wa pili wamepita lori, wa tatu amezuiwa na trela mbili zilizofuatana, na kati yao pana chuma kirefu ambacho mawimbi ya redio ya Bluetooth, ya masafa ya GHz 2.4, hayakipenyi. Mnyororo wa Bluetooth hukatika hapo hapo. Wa tatu, wa nne na wa tano huenda wakaendelea kusikiana wao kwa wao, lakini kiongozi wa msafara anazungumza na mtu mmoja tu, na kundi likiungana tena, vifaa vingi vya ngazi ya kati humlazimu mmoja wao kubonyeza kitufe ili mazungumzo yarudi, jambo ambalo hulitaki mkono wako ulifanye huku unakwepa mashimo.

Meshi haimtegemei mtu mmoja wa katikati. Kila kifaa huwasiliana na vyote vilivyo karibu nacho, na sauti hutafuta njia yoyote iliyopo, kwa hiyo wa tatu akifichwa na trela, maneno ya kiongozi yanaweza kumfikia wa nne, kama yuko mahali anapoonekana, kisha yakarudi kwa wa tatu. Aliyebaki nyuma kabisa hadi asisikie tena, akifika karibu anajikuta ndani ya mazungumzo bila kugusa kitu. Cardo huuita mfumo wake DMC na huruhusu hadi watu 15. Sena 50S huruhusu 24 katika kundi la faragha, na ina pia mkondo wa wazi ambao yeyote mwenye meshi ya Sena aliye karibu anaweza kuingia. Mkondo huo wa wazi ni mzuri kwa mikutano ya vilabu, ila inafaa kukumbuka kwamba anayejadiliana bei ya madafu kando ya barabara akiwa amesahau kuzima kifaa chake ana wasikilizaji wengi kuliko anavyodhani.

Kuna gharama tatu za meshi ambazo wauzaji huzipitia juu juu. Ya kwanza ni bei yenyewe: kwa fedha ya kifaa kimoja cha meshi cha ngazi ya juu utapata vifaa vya Bluetooth vya bei nafuu vitatu au zaidi, na kundi la watu watano linahitaji vitano, si kimoja, maana meshi ya mtu mmoja kati ya wenye Bluetooth hufanya kazi kama Bluetooth tu. Ya pili ni betri. Sena 50S inatajwa kuwa na saa 14 za mazungumzo ya Bluetooth lakini saa 9 za meshi. Kutoka Mombasa hadi Nairobi ni karibu kilomita 480, na mwendeshaji anayepumzika Voi na Mtito Andei atakuwa barabarani siku nzima, huku simu na ramani nazo zikila chaji hiyo hiyo. Saa 9 zinatosha, lakini hazibakizi nyingi, na zinapungua betri inavyozeeka.

Ya tatu ndiyo mtego mkubwa: meshi ya kampuni moja haizungumzi na meshi ya nyingine. Kundi lenye Cardo watatu na Sena wawili lina mitandao miwili isiyojuana. Vifaa vingi vinasema kwamba vinaungana na vya kampuni yoyote, na ni kweli kwa kiasi fulani, ila namna vinavyofanya hivyo ni kukihesabu kifaa cha mwenzako kuwa ni simu. Nafasi ambayo ingeshikwa na simu yako ya pili au kifaa cha ramani inachukuliwa, sauti hushuka hadi ubora wa mazungumzo ya simu, na mara nyingi muungano huo haujirudii wenyewe ukikatika. Kwa sababu hiyo, anayejiunga na kundi ambalo tayari lina vifaa vyake asipoteze muda kusoma uchambuzi wa ubora; aulize wenzake wanatumia nini, kisha anunue cha ukoo huo huo.

Kwa maoni yangu, mpaka uko kwenye watu wanne. Kuanzia hapo kwenda juu, ikiwa kundi ni lile lile kila safari, meshi inastahili fedha zake. Wakiwa wawili au watatu wanaofuatana kwa karibu, Bluetooth ya ngazi ya kati kama Cardo Freecom 4x au Sena 10S inafanya kazi ile ile, na tofauti ya bei inaweza kulipia mafuta ya safari kadhaa za Malindi.

Vya Kichina vya bei nafuu, na kupigiana simu

Vifaa vya Kichina kama Ejeas V6 vimeenea kwa sababu ya bei, na kuvidharau vyote kwa jumla si haki. Kwa abiria wa nyuma, au kwa pikipiki mbili zinazokwenda sambamba, vinafaa. Kinachotakiwa ni kusoma maelezo kwa makini: kifaa kinachotangazwa kuwa cha waendeshaji sita mara nyingi maana yake ni kwamba kinaweza kuwakumbuka sita, huku wanaozungumza kwa wakati mmoja wakiwa wawili tu, na wewe ukihama kutoka kwa mmoja hadi kwa mwingine kwa kubonyeza. Umbali wa mita 1,200 unaoandikwa usiutegemee. Panga kana kwamba una mita mia chache, na kwenye kona za kupanda Kwale kutoka Kombani, zenye miti na vilima, hata chini ya hapo.

Wapo wanaosema intakomu haina haja, watu wapigiane tu simu ya kundi kwa intaneti. Ndani ya mji, kutoka Nyali hadi Mtwapa, hoja hiyo ina nguvu: umbali si tatizo na hakuna cha kununua zaidi ya hedseti ya kawaida. Nje ya mji simu inategemea minara, na kwenye nyika ya Taru na kandokando ya Tsavo hupaswi kuegemeza usalama wa kundi juu ya mtandao unaokuja na kuondoka. Isitoshe, sauti ya intaneti huchelewa kidogo, na kuchelewa huko, ambako mezani hukuoni, kunatosha kulifanya onyo la "ng'ombe kushoto" lifike baada ya ng'ombe.

Kelele ya upepo

Ubora wa intakomu hauamuliwi na intakomu peke yake. Kuanzia mwendo wa kilomita 65 hivi kwa saa, kelele kubwa ndani ya helmeti si ya injini, ni ya upepo, na kwenye kilomita 100 kwa saa inaweza kufika desibeli (kipimo cha ukubwa wa sauti) 95 au zaidi. NIOSH, taasisi ya Marekani inayoshughulikia afya kazini, hupendekeza desibeli 85 kwa muda usiozidi saa 8, na muda huo hukatwa nusu kwa kila ongezeko la desibeli 3: kwenye 94 ni saa moja, kwenye 100 ni dakika 15. Anayepandisha sauti ya spika ili kuushinda upepo anaongeza kelele juu ya kelele, na masikio yanayoendelea kuvuma usiku baada ya safari yanamweleza alichofanya.

Dawa yake ni vizibo vya masikio vya sponji, vile vya bei ndogo vinavyouzwa maduka ya dawa na ya vifaa vya kazi. Wengi hudhani ukiziba masikio hutaisikia spika. Kizibo hupunguza upepo na sauti ya mwenzako kwa pamoja, lakini sikio likiwa halijazidiwa hutenganisha maneno na kelele vizuri zaidi, alimradi spika ina nguvu ya kufidia kilichopunguzwa. Hapa ndipo spika za milimita 40, ambazo zinapatikana kwenye vifaa kama Cardo Packtalk Edge iliyotoka mwaka 2022, zinapoziacha nyuma zile ndogo na nyembamba: ndogo zikiwekwa juu kabisa zinakoroma, na kwa aliyeziba masikio hazifiki. Tofauti hii ina thamani kwa mwendeshaji wa masafa kuliko kilomita yoyote iliyoandikwa kwenye kisanduku.

Kabla ya kuilaumu spika, hata hivyo, angalia ilipokaa. Helmeti nyingi zina mfuko wa duara kwenye povu la upande, na mfuko huo haulingani na sikio la kila mtu. Ivae helmeti, ingiza kidole kwa chini, tafuta tundu la sikio, uweke alama, kisha ubandike spika hapo hata kama ni sentimita moja mbele au chini ya mfuko. Sentimita hiyo moja inaweza kuwa tofauti ya sauti iliyo wazi na sauti inayotoka chumba cha jirani. Spika ikiwa mbali na sikio, weka kipande cha sponji nyuma yake ili isogee, ila isiguse sikio, kwani baada ya saa moja ya joto la Mombasa kuguswa huko hugeuka maumivu. Usichimbe povu gumu jeupe la ndani ili kupata nafasi. Povu hilo ndilo linalopokea kishindo cha ajali, na hakuna muziki wenye thamani ya kulipunguza.

Wanaosafiri peke yao wana njia nyingine, nayo ni vipokea sauti vidogo vya kuingiza sikioni, vinavyoziba upepo na kutoa sauti kwa wakati mmoja. Kwa muziki na ramani havina mpinzani wa bei. Vina kasoro zake: hung'oka helmeti inapovaliwa, na betri zake huishia katikati ya safari. Maikrofoni zake pia hazikutengenezwa kwa upepo, kwa hiyo usitarajie kupokea simu ukiwa Mackinnon Road kwenye mwendo wa kilomita 90.

Maikrofoni yenyewe inategemea helmeti. Helmeti iliyofunika uso wote huchukua ile ndogo ya waya inayobandikwa ndani ya sehemu ya kidevu. Ya kufunguka na ya uso wazi huhitaji ile yenye mkono, inayokaa karibu kabisa na midomo huku sponji yake ikiwa imeelekezwa ipasavyo. Pwani yetu watu wengi hupenda uso wazi kwa ajili ya joto, na hilo halina ubaya mjini, lakini ukifungua kioo barabara kuu mwenzako hakusikii wewe, anasikia upepo. Vifaa ambavyo maikrofoni yake hujiwasha yenyewe ikisikia sauti huchanganyikiwa zaidi hapo, kwa sababu haviwezi kutofautisha neno na upepo wa kusi unaopiga kutoka ubavuni kwenye daraja la Kilifi.

Joto, chumvi na mikono ya watu

Ukaaji wa pwani una masharti yake ambayo majarida ya Ulaya hayayataji. Gundi ya kubandika kifaa kwenye helmeti hulegea helmeti inapoachwa juani, hivyo pale umbo la helmeti linaporuhusu, kibanio cha skurubu ni bora kuliko gundi. Betri za lithiamu hazipaswi kuchajiwa zikiwa na joto linalozidi nyuzi 45, na vifaa vizuri hukataa vyenyewe. Kikikataa baada ya kukaa juani, kiweke kivulini kwanza, hakijaharibika. Kuhusu maji, tafuta alama ya IP67, yenye maana kwamba vumbi haliingii na kifaa kinavumilia kuzama mita moja kwa dakika 30, kwa kuwa masika ya Aprili na Mei hayaulizi ulikusudia kufika saa ngapi. Lakini ulinzi huo ni wa kifuniko cha mpira kilichofungwa. Tundu la kuchajia likiachwa wazi, hewa ya chumvi hulila taratibu, na kwa kuwa vifaa vya zamani hutumia tundu dogo la micro-USB ambalo huharibika upesi, mimi ningelipa zaidi kidogo nipate chenye USB-C.

Halafu kuna wizi. Helmeti iliyoning'inizwa kwenye usukani Mwembe Tayari au nje ya Marikiti ikiwa na intakomu inayowaka taa ya bluu haitakaa muda mrefu. Vinavyoshikwa kwa sumaku, kama Packtalk Edge, hutolewa kwa mkono mmoja na kutiwa mfukoni. Vinavyoteleza kwenye kibanio huchukua muda kidogo zaidi. Na vile ambavyo vimejengwa ndani ya helmeti huwezi kuvitoa, kwa hiyo utabeba helmeti nzima hadi ndani ya hoteli. Katika jambo hili sumaku imeshinda wazi.

Mazungumzo yanapokuwa hatari

Kuna matumizi mamoja ya intakomu ambayo ningependa yaachwe kabisa, nayo ni kumruhusu aliye mbele akuamulie kupita lori. "Twende shekhe, njia nyeupe!" ni kweli kwa aliyeisema, pale alipo, kwa sekunde ile. Wewe uko nyuma, na basi linalotoka Voi limeshasogea. Kinyume chake, "Tulia, kuna gari laja" ni neno la thamani, kwa sababu likiwa si sahihi hukupoteza kitu ila subira. Katika kundi langu onyo la kusimama hupokewa na ruhusa ya kupita haipokewi, chombo kiwe cha bei gani. Mjini nako, kati ya tuktuk na matatu za Moi Avenue, punguza sauti hadi usikie honi, au uzime.

Anayenunua kilichotumika asiridhike kuona taa ikiwaka. Aombe kukivaa na kuzungumza nacho kwa saa nzima kikiwa kimechajiwa kabla ya kulipa, kwa kuwa betri iliyochoka huonekana nzima kwa dakika kumi za kwanza. Achungulie tundu la kuchajia kama lina kutu ya kijani. Ahakikishe kibanio, maikrofoni ya helmeti yake na spika zote mbili vimo, maana vipuri hivyo vikiagizwa peke yake kutoka nje, pamoja na usafiri na ushuru wa forodha, vinaweza kukaribia bei ya kifaa chenyewe. Kisha amwombe muuzaji akifute kwenye programu ya simu yake mbele ya macho yake, ili kisiendelee kumtafuta mwenyewe wa zamani.